Uchukue Nini Kisiwani? Anza na Kile Kisichotengenezeka Huko

Swali lenyewe linajulikana. Umetupwa kwenye kisiwa kisicho na watu, umeruhusiwa vitu vitatu, haya, vitaje. Mmoja atasema kisu, wa pili kiberiti, wa tatu mashua, na hapo mchezo unavurugika kwa sababu watu wanaanza kugombana kama mashua inaruhusiwa. Ugomvi huo si wa bure. Ndani ya swali hilo moja yamebanana maswali matatu au manne, na kila mtu analijibu la kwake: aliyetaja mashua anawaza kuondoka, aliyetaja kisu anawaza kuishi, na yule aliyenyamaza kisha akasema "kitabu" anawaza upweke.

Redio ya BBC imekuwa na kipindi cha mchezo huu tangu mwaka 1942. Mgeni huchagua santuri nane, kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa, na sharti la hicho cha anasa ni kwamba kisimfae kwa lolote katika kujiokoa. Ni sharti la busara. Bila hilo kila mgeni angeomba mashua. Hapa tuligeuze: anasa hakuna, vitu ni vichache, na kila kimoja lazima kifae.

Kisiwa kipi, na kwa muda gani

Picha iliyozoeleka ni mchanga mweupe na mnazi mmoja ulioinama. Visiwa ambako watu wameachwa kweli ni vya kila namna. Más a Tierra, katika visiwa vya Juan Fernández mbali na pwani ya Chile, kina milima, vijito, mboga za majani, na mbuzi walioachwa na mabaharia waliotangulia. Huko ndiko baharia Mskoti Alexander Selkirk alikoachwa mwaka 1704 baada ya kukosana na nahodha wake. Alikaa peke yake miaka minne na miezi minne, na meli ilipofika Februari 1709 ni yeye aliyewakamatia mbuzi na kuwachumia mboga waokoaji wake, ambao baadhi yao walikuwa wanaugua kiseyeye.

Sasa tazama Tromelin, mashariki ya Madagaska. Ni bapa la mchanga na matumbawe lenye eneo la takriban kilomita moja ya mraba, halina kijito, halina mti wa kukata mbao, na kimbunga kikija hakuna kilima cha kukimbilia. Wrangel iko kaskazini ya Siberia, ambako bahari yenyewe huganda. Visiwa vya Auckland, kusini ya New Zealand, vina mvua na upepo wa baridi karibu mwaka mzima. Huko aliyelowa yumo hatarini mapema kuliko mwenye kiu. Orodha iliyomfaa Selkirk ingemuua mtu wa Wrangel, na anayetoa orodha moja kwa visiwa vyote ana mnazi wake kichwani.

Kuna pia suala la muda. Kiberiti cha gesi ni mfalme wa wiki ya kwanza. Gesi ikiisha kinabaki plastiki. Baruti huisha, betri huisha, biskuti huisha. Panga halikwishi upesi, na sufuria ikitunzwa hudumu miaka. Kwa hiyo kabla ya kutaja kitu chochote, jiulize kama unajiandaa kwa siku kumi za kungoja kutafutwa au kwa miaka ambayo hakuna anayejua uliko. Kwa siku kumi, maji na ishara vinatosha kuwa orodha nzima. Sehemu kubwa ya makala hii inahusu muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiko uchaguzi unakokuwa mgumu.

Meli mbili, kisiwa kimoja

Mwaka 1864 meli mbili zilivunjika kwenye kisiwa kikuu cha Auckland, moja Januari na nyingine Mei. Ya kwanza, Grafton, ilikuwa na watu watano. Wote walifika nchi kavu, na wote watano walitoka hai. Ya pili, Invercauld, ilikuwa na watu 25. Waliofika ufukweni ni 19, na mwaka mmoja baadaye, meli nyingine ilipopita, walikuwa wamebaki watatu. Makundi hayo hayakuwahi kuonana.

Kisa hiki husimuliwa kama funzo la umoja, na kuna ukweli ndani yake. Watu wa Grafton walimchagua kiongozi wao, nahodha Thomas Musgrave, kwa makubaliano kwamba wakimchoka wanaweza kumwondoa. Jioni walifundishana masomo. Wale wa Invercauld walitawanyika na waliolegea wakaachwa njiani. Lakini msimulizi anayeishia hapo amepunja nusu ya habari. Grafton ilikwama mahali ambapo mabaki yake yaliendelea kufikika kwa muda mrefu, na watano wale waliikwangua meli yao mbao kwa mbao: misumari, matanga, vyombo vya kupikia, shoka, bunduki. Invercauld ilipasuliwa na miamba usiku mmoja, na watu wake wakatoka majini karibu mikono mitupu. Umoja ni jambo jema, ila nyumba yenye dohani haijengwi kwa umoja bila shoka.

Miongoni mwa wale watano alikuwemo Mfaransa François Raynal, fundi wa kila kazi. Alitengeneza mivukuto, akaanzisha karakana ya uhunzi, akafua misumari na zana, akachemsha sabuni, akawashonea wenzake viatu vya ngozi ya sili. (Alitengeneza pia karata za kuchezea, kisha akaziharibu mwenyewe alipoona zinaleta ugomvi.) Walikusudia kuunda chombo kikubwa cha kuwabeba wote. Mpango ukakwama kwenye keekee kubwa ya kutobolea mbao nene: Raynal alijaribu kuifua, haikutoka. Wakaishia kukipanua kidau chao cha zamani, na Julai 1865 watatu wakavuka nacho hadi Kisiwa cha Stewart, New Zealand, huku wawili wakibaki kungoja kufuatwa. Chuma kimoja kilichosokotwa ndicho kilichoamua nani apande na nani abaki.

Hapo ndipo ninapopata kipimo ninachokiamini kuliko orodha yoyote: je, kitu hiki mikono yangu na kisiwa, vikishirikiana, vinaweza kukitoa? Kama vinaweza, hata kwa taabu na hata kibaya, kisichukue nafasi. Mkuki unachongwa. Kibanda kinaezekwa kwa majani. Kamba inasokotwa kwa makumbi ya nazi au maganda ya miti. Kitanda, ufagio, mtego wa ndege, vyote hivyo vinapatikana kwa subira. Visivyopatikana ni vichache na vinatambulika: chuma, chombo kinachostahimili moto, kitambaa kisichopitisha maji, uzi mwembamba wenye nguvu, dawa, na chochote chenye umeme. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wao walijua fundi wa majembe yuko jirani.

Maji, na hesabu ya turubai

Bila chakula mtu hustahimili wiki kadhaa. Bila maji anahesabu siku, kwa kawaida kama tatu, na juani akifanya kazi hata hizo hazitimii. Kwa hiyo kila kitu unachokichagua kipimwe kwanza kwa maji.

Maji ya bahari ni mtego kwa sababu za hesabu tu. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, na mkojo wa binadamu hauwezi kubeba chumvi nzito kiasi hicho. Ili figo zitoe chumvi ya lita moja uliyokunywa zinahitaji zaidi ya lita moja ya maji, na ya ziada yanatolewa mwilini mwako. Unakunywa, na unazidi kukauka. Kuyachanganya na maji matamu ili yatoshe ni kuyaharibu yale mazuri uliyokuwa nayo.

Linalobaki ni mvua, kijito kama kipo, madafu kama minazi ipo, na maji ya chini ya ardhi. Hapa ndipo turubai linapowapita washindani wake wote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Turubai la mita tatu kwa nne lina mita za mraba 12. Manyunyu ya milimita moja yanakupa lita 12, na mvua ya kawaida ya milimita 10 inakupa lita 120. Kwa mtu mmoja anayeshinda kivulini hayo ni maji ya zaidi ya mwezi. Hakuna mtambo wa kubebeka mkononi unaokaribia hapo. Ule wa kuvukiza maji kwa jua, wa shimo na karatasi ya nailoni, unaopendwa sana na vitabu vya mafunzo, mara nyingi hutoa chini ya lita moja kwa siku, na kulichimba shimo lenyewe kunakutoa jasho jingi.

Wengi husahau kwamba lita 120 zinahitaji pa kukaa. Wavulana sita wa Tonga waliokwama kwenye kisiwa cha 'Ata tangu 1965 hadi Peter Warner, nahodha wa Australia, alipowakuta Septemba 1966, walichimba mashina ya miti yakawa matangi ya mvua. Ukiwa na turubai la pili, shimo lililotandikwa linatosha. Ukiwa na moja tu, unalazimika kuchagua kati ya paa na tangi usiku ule ule mvua inaponyesha, na ndiyo maana mimi nikipewa nafasi ya kitu cha ziada nalirudia turubai kabla sijafikiria kingine.

Maji ya chini yana siri yake. Kwenye kisiwa cha mchanga au matumbawe, mvua iliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Tofauti ya uzito ni ndogo, kiasi kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kunaweza kuwa na mita 40 hivi chini yake. Wahandisi wawili wa Ulaya, Badon Ghyben na Herzberg, waliieleza kanuni hiyo kila mmoja kivyake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Kwa mtu mwenye kiu maana yake ni hii: chimba mbali na ufukwe, kuelekea katikati ya kisiwa, simama mara uonapo maji, na uteke polepole. Ukizidi kuchimba au ukiteka kwa pupa unaivuta chumvi kutoka chini. Kisiwa kikiwa kidogo sana, tabaka hilo ni jembamba na maji yanakuwa na ladha ya chumvi, lakini hata hayo yamewahi kuwaweka watu hai.

Sufuria dhidi ya panga

Mwaka 1761 meli ya Kifaransa L'Utile ilivunjika Tromelin ikiwa imebeba kwa siri watu kutoka Madagaska waliokuwa wakipelekwa utumwani. Mabaharia waliunda chombo kwa mabaki ya meli, wakaondoka, wakaahidi kurudi. Nyuma yao walibaki Wamalagasi kama 60. Meli iliyofanikiwa kuwachukua ilifika mwaka 1776, miaka 15 baadaye, ikakuta wanawake saba na mtoto mchanga.

Wanaakiolojia walioanza kuchimba huko mwaka 2006 wakiongozwa na Max Guérout walikuta nyumba za mawe ya matumbawe, mifupa mingi ya ndege na kasa, na vyombo vya shaba vya jikoni vilivyotiwa viraka na ribiti tena na tena. Viraka hivyo vinanieleza zaidi ya orodha yoyote iliyoandikwa na mtu aliyeketi mezani. Mtu hatumii siku zake kuziba sufuria iliyotoboka ikiwa anaweza kupata nyingine.

Sufuria inachemsha maji yenye mashaka. Yakitokota kwa nguvu dakika moja vijidudu vingi vinavyouguza tumbo vimekufa. Inapika kome na samaki bila kupoteza mafuta na mchuzi, tofauti na kuchoma. Inateka, inachota mchanga wa kisima, inahifadhi kaa la moto lisilowe. Ili kuifinyanga unahitaji udongo wa mfinyanzi, ambao visiwa vya matumbawe havina. Ndiyo maana mimi naipandisha juu ya kisu, ingawa najua wengi watapinga.

Na wanaopinga wana hoja yao nzito, inaitwa Philip Ashton. Kijana huyu mvuvi alitekwa na maharamia, akawatoroka mwaka 1723 kwenye kisiwa cha Roatán, katika ghuba ya Honduras, bila viatu, bila kisu, bila kitu cha kuwashia moto. Kisiwa kilikuwa na matunda, kasa na wanyama. Kwa miezi kama tisa aliishi kwa matunda na mayai mabichi ya kasa, nyama ikipita mbele yake akiwa hana cha kuichunia wala cha kuipikia. Kisha akatokea mtu mwingine kwa mtumbwi. Baada ya siku chache mtu huyo akaenda kuwinda na hakurudi, lakini aliacha kisu, jiwe la kuwashia moto, baruti kidogo na nyama. Kuanzia hapo Ashton aliweza kuchinja kasa na kula kilichoiva, na nguvu zikamrudia. Kisiwa kilikuwa kile kile.

Nikiyaweka yote mawili kwenye mizani, naona kisu kinaweza kubuniwa kibaya na sufuria haibuniwi kabisa. Kombe kubwa lililovunjwa lina ukali, jiwe la volkano lina ukali, na bahari huleta chuma. Selkirk, kisu chake kilipokwisha, alifua vingine kutokana na pete za chuma za mapipa zilizokuwa ufukweni. Ila nikichukua chuma chenye makali, nitachukua panga wala si kisu cha mfukoni: panga linakata mti, linachimba, linapasua nazi na kuparua samaki. Kisu hakikati mti.

Moto

Kupekecha moto kwa ulindi na ulimbombo kunawezekana; Selkirk alifanya hivyo, na wale wavulana wa 'Ata vilevile waliwasha kwa vijiti viwili kisha wakahakikisha hauzimiki tena. Kinachowezekana si lazima kiwe rahisi. Miti mingine haifai, msimu wa mvua unakukatisha tamaa, na anayejaribu mara ya kwanza akiwa na njaa kwa kawaida hupata malengelenge kabla ya moshi.

Kwa hiyo chuma cha cheche, kile kijiti cha madini kinachokwaruzwa kwa ubapa wa panga, ni kidogo mno na kinafaa mno kukiacha. Cheche zake zina joto la takriban nyuzi 3,000 za Selsiasi, kinatoa cheche hata kikiwa kimechovywa majini, na hustahimili maelfu ya mikwaruzo. Njiti za kiberiti zikilowa mara moja, kwaheri. Lenzi ya kukuza haiishi kamwe lakini inategemea jua, na moto huhitajika zaidi siku ambayo jua halipo. Ukishauwasha, kazi ni kuulinda: makumbi makavu na magogo mazito hutunza kaa usiku kucha.

Chakula nakipitia haraka

Watu wengi huanza na chakula, nami nakiweka chini. Makopo ni mazito na huisha. Mshipi na ndoano ni vyepesi na hukaa. Wavu mdogo ni bora zaidi kwa sababu unavua wewe ukiwa umelala. Jambo moja la tahadhari: kama maji ni haba, usishindilie nyama na samaki, kwani mwili hutumia maji mengi kutoa taka za protini kuliko za matunda au wanga.

Hatari inayokuja kimya ni kukosa majani na matunda. Kiseyeye huanza kujitokeza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu bila vitamini C, fizi zikivimba na majeraha ya zamani yakifunguka, na kinaua mtu aliyeshiba. Kwenye kisiwa cha Wrangel, watu watano walipelekwa mwaka 1921 na chakula cha miezi sita hivi kwa imani kwamba nchi ingewalisha. Meli ya kuwafuata mwaka uliofuata ilizuiwa na barafu. Wanaume watatu waliondoka kwa miguu juu ya barafu Januari 1923 wakapotea, wa nne akafa kwa kiseyeye Juni, na aliyebaki ni Ada Blackjack, mwanamke wa Kiinupiati kutoka Alaska aliyeajiriwa kuwashonea nguo za manyoya. Alijifunza kutega mbweha na kulenga bunduki akiwa huko huko, akaokolewa Agosti.

Aliajiriwa kwa sindano, na sindano ni kitu ambacho orodha nyingi hazikitaji. Turubai likichanika, kiatu kikifunguka, jeraha likiachama, ndiyo inayohitajika. Selkirk alishona ngozi za mbuzi kwa msumari, na mabaharia wengine wametumia mifupa ya ndege, kwa hiyo kwa kipimo changu inatengenezeka. Lakini sindano kumi na uzi mnene hazizidi uzito wa kidole, na kipimo kinaruhusu kulegezwa kwa kitu kisicho na uzito. Ndivyo ilivyo kwa dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda, na kwa viatu. Ashton aliteseka sana kwa nyayo zilizochanwa na magamba ya ufukweni. Mkato wa matumbawe kwenye joto na unyevu huoza haraka, na asiyeweza kutembea hachoti maji.

Orodha iliyolipiwa na serikali

Baada ya mikasa kama ile ya Auckland, serikali ya New Zealand ilianza katika karne ya 19 kuweka vibanda vya akiba kwenye visiwa vyake vya kusini kwa ajili ya waliovunjikiwa meli. Meli za serikali, mojawapo ikiwa Hinemoa, zilizunguka kuvikagua. Ndani yake kulikuwa na nguo za sufu, mablanketi, njiti za kiberiti, shoka na zana nyingine, vyombo vya kupikia, ndoano, dawa, bunduki na risasi, na biskuti. Nje kulikuwa na nguzo za kuonyesha njia, na mahali pengine mashua. Nguo zilifumwa kwa mtindo usiofanana na mwingine ili mwizi atambulike akizivaa. Orodha hiyo naiheshimu kwa sababu iliandikwa na watu waliokuwa wamezika wafu.

Angalia kwamba biskuti zimo, kinyume na ushauri wangu. Kisiwa cha baridi hudai chakula siku ya kwanza, na aliyepigwa na baridi hawezi kungoja samaki. Ila uzito wa sanduku uko kwenye joto, moto na chuma.

Mwaka 1907 sanduku hilo lilijaribiwa. Meli Dundonald ilivunjika kwenye Kisiwa cha Disappointment, ambacho hakikuwa na kibanda. Kibanda kilikuwa ng'ambo, kwenye kisiwa kikuu, mwendo wa kilomita 8 hivi baharini. Watu 16 walifika nchi kavu na mmoja wao akafa. Waliobaki waliishi miezi kadhaa kwa nyama ya ndege wa baharini, moto wao ukifunikwa kwa udongo wa majani usizimike. Hatimaye walipinda matawi ya vichaka yakawa mbavu za kihori, wakaishonea turubai, na baadhi yao wakavuka nacho. Walipokipata kibanda walikuta mashua, wakarudi kuwachukua wenzao, na mwezi wa Novemba Hinemoa ikawakuta wote kumi na watano. Bila kitambaa kile cha tanga matawi yangebaki kuni.

Ikiwa vifaa vya umeme vinaruhusiwa

Hapa mchezo unabadilika kiasi kwamba sioni haja ya kubishana. Kuna redio ndogo ya dharura ya mtu mmoja, inayoenea kiganjani, ambayo ukiibonyeza hutuma ishara kwa masafa ya megahezi 406. Ishara inapokewa na mfumo wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa kwa makubaliano ya Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Sovieti, na ambao uliokoa watu wake wa kwanza mwaka 1982. Ikiwa na kipokezi cha GPS, inawaelekeza waokoaji kwa umbali wa mita mia moja hivi. Betri yake inatakiwa kutuma kwa angalau saa 24, na ikiwa haijaguswa hukaa miaka. Simu ya kawaida haina kazi pasipo mnara. Redio hii haihitaji mnara, lakini inahitaji kusajiliwa kwa jina na namba ya mtu wa nyumbani kabla ya safari, na asiyeisajili anawapotezea waokoaji muda wa kuthibitisha kama ni dharura ya kweli. Kwa hiyo kama sharti linaniruhusu, hiki ndicho kitu cha kwanza, na turubai na sufuria vinafuata kwa ajili ya siku za kungoja.

Kama haliniruhusu, ishara ni ya mikono. Kioo kinamulika mbali sana siku ya jua, kilomita makumi, na hata kifuniko kilichong'arishwa kinajaribu. Mioto mitatu iliyopangwa inatambulika kama wito wa msaada. Na kuna maandishi makubwa ufukweni, ambayo hayahitaji kuchukua chochote kutoka nyumbani.

Mwishoni mwa Machi 2024 wanaume watatu, mabaharia wazoefu wa Mikronesia, waliondoka kisiwa cha Polowat kwa mashua kwenda kuvua, mashua yao ikaharibika karibu na Pikelot, kisiwa kisichokaliwa. Walikuwa na nazi na maji ya kisima kidogo kilichopo hapo. Walipanga makuti mchangani yakaandika neno HELP. Tarehe 6 Aprili jamaa yao mmoja alitoa taarifa kwa kituo cha uokoaji kwamba wajomba zake hawajarudi, na ndege ikatumwa. Siku iliyofuata marubani waliyaona makuti. Ndege ya pili iliwadondoshea redio, wakasema kwamba wazima na wangependa kupelekwa Polowat, na tarehe 9 meli ya walinzi wa pwani wa Marekani ikawachukua.